Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wazabuni

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka uliopita. Mafunzo ya NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, yalifanyika, vikao vya kamati vilikaa kama katiba yetu inavyoagiza, wanachama wapya 19 walipokelewa, na hesabu zilizokaguliwa mmekwisha kugawiwa. Hayo mnayafahamu, hivyo sitayarudia.

Lililo lazima nilieleze kwa kirefu ni uamuzi wangu wa kutotia saini barua iliyoandaliwa na baadhi yenu, iliyoitaka Serikali iwafungie wageni wote mlango katika zabuni za ujenzi, zikiwemo zinazogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nimeitwa msaliti wa wazawa, na wapo waliotaka nijiuzulu. Msimamo wangu haujabadilika.

Barua ile ilidai jambo ambalo nchi ilikwisha kujifunga kutolifanya. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mfano ya mwaka 2011 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, ambayo ni kielelezo cha nchi kutungia sheria zao, kinaweka mbele ya sheria ya ndani wajibu wa nchi unaotokana na mikataba na mataifa mengine, na pia makubaliano na taasisi za fedha za kimataifa; nayo Sheria yetu ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, iliyokuja kufutwa na ile ya mwaka 2023, katika kifungu cha 4, ilitamka kwamba ikigongana na wajibu wa mkataba, mkataba ndio unaofuatwa. Isitoshe, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inakataza katika kifungu cha 35 kuwabagua wazabuni wa nchi wanachama. Tukimfungia Mkenya hapa, mwenzetu anayeomba kazi Nairobi au Kigali atajitetea kwa hoja ipi?

Wapo pia waliodai kwamba nimeogopa Shirika la Biashara Duniani. Si kweli. Mkataba wa shirika hilo kuhusu ununuzi wa serikali, ambao marekebisho yake yalianza kutumika mwaka 2014, unawafunga waliojiunga nao tu, na Tanzania haimo.

Haki tuliyo nayo ni upendeleo unaoruhusiwa na kanuni za Benki ya Dunia zenyewe, ambao ni asilimia 7.5 kwa ujenzi na 15 kwa bidhaa. Mgeni akiomba kazi kwa shilingi bilioni 10 na mzawa kwa bilioni 10.7, bei ya mgeni inahesabiwa wakati wa tathmini kuwa bilioni 10.75, na mzawa anaongoza. Lakini upendeleo huo haufanyi kazi usipotajwa katika nyaraka za zabuni, na wengi wetu tunalipia nyaraka, tunajaza bei, kisha tunalalamika tumeshindwa bila kuwa tumeusoma ukurasa huo. Ndiyo maana niliandika mwenyewe, kwa msaada wa wakili, waraka wa kuziomba taasisi nunuzi ziutaje upendeleo huo kila unaporuhusiwa. Shilingi milioni 6 zilizotumika kwa kazi hiyo, ambazo zimezua maneno mengi, zilipitishwa na kamati na stakabadhi zake zipo.

Inasikitisha kwamba semina niliyoiitisha kufafanua mambo haya ilihudhuriwa na watu 31 tu, na wengi wa walioandika barua hawakufika. Kuhusu ada, kati ya wanachama 214, waliolipa shilingi 200,000 ni 88, hivyo chama kinadai milioni 25.2. Kwa hali hiyo hatuwezi kumlipa wakili wa kumsindikiza mwanachama mbele ya Mamlaka ya Rufani za Zabuni, ingawa kila anayeshindwa zabuni hunipigia simu akitaka chama kimtetee.

Mwaka ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kufungua mazungumzo na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, na kuanzisha dawati la kuwasaidia wanachama kusoma masharti ya wafadhili kabla ya kujaza bei. Mweka hazina anapokea ada mlangoni hadi mkutano utakapofungwa.