Maskini Dodoma anauziwa pesa kwa bei ya kuruka

Mhariri,

Mjadala wa matajiri na maskini ukiibuka hapa mjini, iwe kijiweni au ndani ya daladala ya Mtumba, hukumu hutoka mapema: aliyefanikiwa kajituma, aliyekwama mvivu. Nimeshika vitabu vya hesabu maisha yangu yote ya kazi, na hesabu hiyo hainiingii akilini.

Yupo mama lishe ninayekula kwake pale Sabasaba. Saa kumi na moja alfajiri moto wake umeshawaka. Alinionyesha kadi yake ya marejesho: mkopo 300,000, fomu 30,000 ikakatwa hapohapo, akaondoka na 270,000. Anarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Yaani 120,000 zimekwenda ndani ya mwezi mmoja, zaidi ya asilimia 44 ya alichopokea, na deni lenyewe alikuwa analipunguza kila siku. Dhamana ni friji na runinga. Kijana wa marejesho hufika kabla ya wateja wa mchana, wala haagizi chakula. Ndiyo hiyo mikopo tunayoiita kausha damu.

Sasa mtazame mwenye akiba. Mwaka 2021 Serikali iliuza hatifungani, yaani hati ya kuikopesha Serikali, ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Aliyeweka milioni 100 anapokea karibu milioni 16 kila mwaka, akiwa amelala. Simwonei wivu, ningekuwa nazo na mimi ningeweka. Ila nisiambiwe kamzidi mama lishe kwa juhudi.

Pesa ina bei, na bei hiyo hupanda kadiri unavyoshuka chini. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake, ile inayoongoza riba za mikopo kati ya benki na benki, hadi asilimia 5.75. Mwenye hati ya nyumba akikopa benki hulipa kama asilimia 15 kwa mwaka. Wakopeshaji wadogo wenye leseni wamewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ni 42 kwa mwaka, na hapo bado tuko kwenye halali.

Tena wengi hudhani pesa yote huchapishwa Benki Kuu. Sehemu kubwa huzaliwa benki ya biashara inapoidhinisha mkopo na kuingiza kiasi kwenye akaunti ya mkopaji. Mwenye dhamana ndiye anayeifikia kwanza, ananunua kabla bei hazijapanda. Dodoma tumeyaona haya kwa macho. Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia huku, wenye uwezo wa kukopa walikimbilia Ihumwa na Mtumba, upande unakojengwa mji wa Serikali. Wenyeji waliouza mashamba kwa eka wakaja kuyakuta yanauzwa kwa mita za mraba. Hapo nani alitoka jasho?

Uvivu upo, sikatai. Nawafahamu waliomalizia kiinua mgongo baa. Lakini hao wako wachache mno kueleza pengo tunaloliona kati ya mtaa na mtaa.

Ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Ni jambo jema, ila mwanamke au kijana lazima awe kwenye kikundi, na mchakato una safari nyingi za ofisini. Mkopeshaji wa kausha damu anakuja na hela mkononi siku hiyohiyo.

Kwa hiyo naliomba Jiji libandike kwenye mbao za matangazo za masoko yetu, Majengo, Sabasaba na Nzuguni, orodha ya wakopeshaji wenye leseni na riba zao, zikiandikwa kwa mwaka na si kwa siku. Na maofisa maendeleo ya jamii wapeleke fomu za ile asilimia 10 sokoni kwenyewe, saa za jioni, mama akiwa ameshaosha masufuria.

Mhasibu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma