Benga ina jina lake

Mhariri,

Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za kurekodi walikutana katika baa moja London, wakitafuta rafu ya dukani ya kuwekea santuri kutoka Afrika, Asia na kwingineko. Wakaipa jina: muziki wa dunia. Lebo ya duka tu! Ndiyo maana nyatiti ya mwanamuziki wetu Ayub Ogada, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, hutiwa kapu moja na qawwali, nyimbo za Kisufi za Pakistani, ingawa hazina undugu wowote. Tuzo za Grammy zilibadilisha neno hilo mwaka 2020, lakini kapu ni lilelile. Hapa Kondele benga, muziki wetu wa gitaa, ikilia Jumamosi usiku, huitwa benga. Watangazaji wetu waliozoea lebo hiyo wanamwiga nani?

Msomaji,
Kondele, Kisumu