Balbu iliwaka kaunta, ikafa nyumbani: hasara ni ya nani?

Kwenye kaunta yetu hapa Kisauni pana kibao chenye holda mbili, moja ya pini na moja ya skrubu. Balbu haitoki dukani kabla haijapachikwa hapo mteja akaiona ikiwaka. Maduka mengi ya vifaa vya umeme Mombasa yana kibao kama hicho, na wengine huongeza neno: ikishawaka hapa, hatujuani tena. Ukigeuza risiti utalikuta limepigwa muhuri kabisa, "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Muhuri huo hauna nguvu unayoidhania, na ni afadhali ulisikie hilo kwa mwenye duka.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya ni kongwe, na msingi wake ni mwepesi kuelewa. Ukinunua kitu kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kitu hicho kinapaswa kuwa na ubora wa kuuzika. Lipo sharti moja, na ndilo wauzaji hulishikilia: ukikikagua kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Sasa jiulize, kuwasha balbu kwa muda wa kupepesa macho kunaonyesha nini? Kwamba haijaungua, basi. Hakuonyeshi kama draiva, ile saketi ndogo iliyo tumboni mwa taa ya LED, itavumilia joto la usiku mzima. Hakuonyeshi kama wati 15 zilizoandikwa ubavuni ni wati 15 za kweli. Kasoro ya namna hiyo haionekani kaunta, kwa hiyo kibao chetu hakikuondolei haki yako juu yake.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa akipata hasara au jeraha kwa sababu ya bidhaa mbovu. Ikafuata Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Hiyo inatamka kwamba maneno yoyote ya makubaliano yanayojaribu kufuta dhamana ya ubora ni batili. Maneno ya nyuma ya risiti yamo humo humo.

Tusidanganyane lakini: kubadili mawazo si kasoro. Ukichukua taa ya mwanga wa manjano, ukafika nyumbani mwenzio akasema anataka mweupe, tutakubadilishia kwa hisani ikiwa boksi ni zima. Hapo sheria haitulazimishi.

Ni taa, au ni nyumba?

Swali hili ndilo tunalouliza mwanzo, na si kwa kukwepa. Ikiwa tatizo ni nyumba, balbu mpya haitakusaidia, na huenda hatari ikabaki palepale juu ya kichwa chako.

Holda moja ikila balbu baada ya balbu huku vyumba vingine viko salama, itazame holda. Huku pwani hewa ya chumvi hutafuna shaba. Pini zinashika kutu ya kijani, springi zinalegea, umeme unapita kwa kurukaruka na kutoa cheche ndogo. Utaona weusi pembeni au usikie mlio wa kukaanga. Holda mpya ni bei ya chai na mahamri, ila ibadilishwe meini swichi ikiwa imezimwa.

Kuna jambo jingine ambalo wateja huliletea mzaha: "taa yenu haitaki kulala." Umezima swichi na LED bado inamulika kidogo gizani. Wakati mwingine ni swichi yenye kile kitaa chekundu kidogo, nayo haina neno. Lakini mara nyingine fundi amefunga swichi kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta. Maana yake, hata ukizima, holda ina umeme muda wote. Siku utakayopanda kiti kubadilisha balbu ukiamini swichi imezimwa, kidole kikigusa pini utajua. Ndiyo sababu tunasema kila mara: ukibadilisha taa, zima meini swichi, usiitegemee swichi ya ukutani peke yake.

Na ikiwa taa za upande mmoja zimeng'aa kupita kiasi huku za upande wa pili zimefifia, usije dukani kwanza. Kwenye jengo lenye laini tatu za umeme, hiyo ni dalili kubwa ya nyutro iliyokatika au kulegea. Volti, ambazo kwetu zinapaswa kuwa kama 240, hupanda kwa jirani mmoja na kushuka kwa mwingine. Friji na televisheni zinafuata balbu. Zima meini, waambie wapangaji wengine wazime, pigeni Kenya Power 97771. Kwa hesabu ya duka, nyumba ya namna hiyo ndiyo hununua balbu nyingi kuliko zote, lakini pesa hiyo hatuitaki.

La mwisho ni zile taa za dari zenye bakuli la kioo lililofunikwa kabisa. LED haipendi joto. Kama boksi limeandikwa isitumike ndani ya kifuniko kilichofungwa na wewe ukaifunika, muuzaji ana hoja dhidi yako. Kama boksi halikusema kitu, hoja ni yako.

Ikiwa ni taa kweli

Harufu ya plastiki inayoungua, mwili wa taa unaokupiga shoti, kitako kinachobaki kwenye holda huku kioo kiko mkononi mwako: hizo ni taa mbovu, tena za hatari. LED nyingi za bei ya kutupa zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba bila kitenganishi ndani, na kinga pekee kati yako na laivu ni utando mwembamba wa plastiki. Zima meini, iache ipoe, itoe. Usiifungue kuchungulia ndani, maana muuzaji atasema umeiharibu wewe. Taa ya kuchaji ambayo betri yake imevimba usiichaji tena. Itoe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto. Zile za zamani za mrija wa kioo zina zebaki kidogo: ikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani kwa muda, kisha kusanya vipande kwa kadibodi, si kwa mikono mitupu.

Piga picha ya taa, maandishi yaliyo ubavuni, boksi na mahali ilipofungwa. Kisha rudi kwa aliyekuuzia. Makubaliano yako ni na yeye. Akikwambia "mtafute aliyeileta kutoka ng'ambo," hiyo ni kazi yake na si yako. Sisi huandika tarehe ya kuuza kwa kalamu ya maka kwenye shingo ya balbu, ili kusiwe na mabishano. Dhamana ya mwaka au miwili iliyo kwenye boksi ni nyongeza juu ya haki za kisheria, haizifuti.

Kabla ya kununua, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba iliyo chini yake. Andika SM# na namba hiyo, tuma kwa 20023, na jina linalorudi lilingane na lililo kwenye boksi. Vibandiko vinaghushiwa siku hizi, kwa hiyo kuona alama tu hakutoshi. Bidhaa ya hatari ripoti KEBS. Muuzaji mkaidi, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Kwa balbu ya shilingi mia mbili hakuna atakayekwenda kortini. Twalijua hilo, na wauzaji wabaya wanalitegemea. Ila dari ikiungua au mtoto akipigwa na umeme, hesabu ni nyingine. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili. Hapo usimpe muuzaji taa iliyoungua "akaikague" bila yeye kukuandikia kwamba ameipokea. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, mwombe akuonyeshe leseni yenyewe, na ripoti yake iwe kwa maandishi.

Ukija kwetu na taa mbovu, ije na kitako chake na utuambie ilikuwa chumba gani. Risiti ikiwa imepotea, fungua simu utafute ujumbe wa M-Pesa wa siku hiyo. Tarehe, kiasi na jina la duka vyote vimo.