Samahani ya Jumamosi

Mama yangu,

Ukiamka utaikuta barua hii chini ya kikombe cha chai. Nimeiandika nikitoka zamu ya usiku, maana kwa mdomo nimejaribu mara mbili nikaishia kukuuliza kama umekula. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Juzi ulinivua nguo bila kukusudia, nami badala ya kuchutama nikasimama jukwaani nikapiga kelele.

Pale kwenye mashindano yenu ya roboti, nilikuwa nimeshuka kukuletea maji kwenye kibanda cha timu yenu. Sikukukuta. Nikakuona kibanda cha jirani, umelala chali chini ya roboti ya watu, simu umeing'ata inamulika, vidole vyeusi kwa grisi, umeshikilia mota huku kijana wao akikaza nati. Mota yenyewe niliijua. Ni ile ya akiba, mliyoinunua kwa hela za kuosha magari. Nikakuita pembeni: "Mnawapa kisu wawachinje?" Ukasema, "Baba, tukimshinda aliyeharibikiwa, tumemshinda nani?" Ukarudi chini kuendelea na kazi.

Jioni mkakutana nao kwenye mtoano, wakawatoa kwa pointi nne. Hapo ndipo nilipomrushia mwamuzi maneno ambayo bibi yako, mwenye jina lako, angenipaka pilipili mdomoni. Wewe ulikuwa unawapa mikono wote, mmoja mmoja. Dereva wenu wa roboti, aliyegonga ukuta, alikuwa analia. Ukakaa naye sakafuni. Njia nzima kurudi nyumbani, kwenye theluji ya Machi, nikanuna kama mtoto ni mimi.

Ukweli ni kwamba nilikuja na moyo wa ndondo. Nilipokuwa beki kule Ngamiani, Tanga, ilikuja timu ya ugenini, kipa wao kasahau glavu. Sisi tulikuwa na jozi mbili. Moja tukaificha kwenye mfuko wa mikate. Tukawafunga tano. Nimekusimulia mabao yale tangu ukiwa mdogo; glavu sikuwahi kuzitaja.

Jana usiku kazini, muda wa mapumziko, nikasoma habari za hiyo FIRST yenu, taasisi yenye mashindano haya ya roboti. Dean Kamen aliianzisha mwaka 1989, na mashindano ya kwanza yakachezwa 1992 kwenye ukumbi wa shule huko Manchester, New Hampshire, timu 28 tu. Mwenzake alikuwa Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyefariki 2019, na huyo ndiye aliyebuni lile neno refu la Kiingereza mnalolitajataja kila mkikutana, Gracious Professionalism. Kwetu ni neno moja: uungwana. Mnapambana kufa na kupona, na aliyekwama mnamkwamua.

Na mchezo wenyewe umesukwa hivyo. Timu tatu kwa tatu: asubuhi jirani yuko upande wenu, roboti zote bampa nyekundu, mchana mnageuza vitambaa vya bampa, yeye mwekundu nyinyi bluu. Kabla ya mtoano, wakuu wa miungano minane, yaani makundi ya timu zinazocheza pamoja, wanachagua wenzao mbele ya ukumbi mzima. Niliposoma hapo nikafurahi: kumbe ukarimu unalipa! Kisha nikajiona nilivyo. Wewe hukupiga hesabu hiyo hata kidogo. Ulisikia jirani ana shida, ukachukua spana ukaenda.

Hasira yako ya kushindwa niliiona pia, usidhani sikuiona. Ulipofunga mlango wa gari uliubamiza. Hiyo sina neno nayo, ulifanya kazi tangu Januari, usiku na mchana, na hesabu za shule ukazifanyia mezani saa tano usiku. Kushindwa kunauma, na kukuuma ni haki yako.

Yule mwamuzi nasikia anajitolea tu, halipwi. Mashindano yajayo nitamtafuta nimwombe radhi. Usinisindikize, mambo ya aibu mtu huyafanya peke yake. Wewe nakuomba hapa: nisamehe, mama.

Boksi la vipuri nimelipanga upya, liko kwenye buti. Mota nyingine ya akiba nimeagiza. Spana namba kumi haimo, nadhani mliiacha kwa majirani. Sijaiulizia.

Baba