Kubana faili hakuhitaji programu ya kupakua

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako kwa jambo linalowasumbua wengi wanaotuma nyaraka: kufungasha faili nyingi ziwe moja. Watu hukimbilia programu za bure zinazotangazwa mitandaoni, nyingine zikiwa zimebeba virusi, ilhali kompyuta yenyewe inaiweza kazi hiyo kupitia dirisha lilelile wanalofungulia folda zao.

Weka kila kitu kwenye folda moja. Majina yawe mafupi, yasiyo na nuktambili wala alama ya kuuliza, maana Windows huzikataa alama hizo na mpokeaji atapata shida kufungua faili zenyewe. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utafute neno "Compress". Lipo kwenye Windows 11, kwenye Mac, na kwenye Linux yenye Nautilus au Dolphin, yaani programu zake za kufungulia folda. Kwenye Windows 10 pitia "Send to", kisha chagua kipengele chenye picha ya folda yenye zipu. Faili mpya itatokea kando ya folda ya awali, ambayo haiguswi.

Ukiulizwa aina, chagua ZIP. Ni kweli aina nyingine kama 7z na tar.xz mara nyingi hubana zaidi, lakini mwenye Windows 10 hawezi kuzifungua kwa kubofya tu. ZIP ipo tangu 1989 na hufunguka karibu kila mahali.

Kuhusu ukubwa, wengi hutarajia kisichowezekana. Maandishi matupu hupungua sana. Picha za JPEG, nyimbo za MP3 na video za MP4 zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa. Hata hati ya docx ni ZIP kwa ndani. Folda ya picha yenye megabaiti 40 itatoka na karibu megabaiti 40 zilezile. Gmail inaishia megabaiti 25, na kiambatisho huongezeka kwa takriban theluthi moja kinapogeuzwa kuwa maandishi ya barua pepe, kwa hiyo salama ni kutozidisha megabaiti 18. Dawa ni kupunguza vipimo vya picha kwanza, ndipo uzibane.

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea kwa mpokeaji. Anabofya ZIP, anaiona hati ndani, anaifungua, anaijaza saa nzima na kuhifadhi. Kumbe alichofungua ni nakala ya muda iliyotolewa kando, na ile iliyo ndani ya ZIP haikubadilika hata herufi. Toa faili zote kwanza kwa "Extract All", ndipo uanze kuandika.

Jingine: orodha ya vilivyomo huwekwa mwishoni mwa ZIP. Upakuaji ukikatika hata kwa sehemu ndogo ya mwisho, faili nzima hugoma kufunguka. Linganisha ukubwa wa pande zote mbili kwa baiti, na usifute folda ya awali kabla ya kujaribu kuifungua ZIP. Flashi yenye FAT32, mmoja wa mifumo ya kupanga faili, nayo haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata ikiwa na nafasi tele.

Wenye nyaraka za siri wajue kwamba amri ya kubana niliyoitaja kwenye Windows na Mac haiweki nenosiri. Nautilus inaweza kuweka, lakini majina ya faili ndani ya ZIP hubaki yakisomeka na yeyote. Kama jina lenyewe ni siri, hapo tu itakubidi utumie programu ya ziada iitwayo 7-Zip, chagua aina ya 7z na uweke alama pale pa kuficha majina. Nenosiri litumwe kwa njia nyingine, lisiandikwe kwenye barua ileile.

Kwa ofisi zinazopokea maombi kwa barua pepe, ninaomba tangazo liseme wazi aina ya faili inayotakiwa na ukomo wake kwa megabaiti. Mwombaji akijua mapema, atazipunguza picha zake kwa utulivu, wala hatagundua saa ya mwisho kwamba barua yake imerudishwa.

Msomaji wako