Barua kwa mjomba aliyeuliza kama nimeingia kwa mashetani

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na najua nyumba nzima iliusikia kabla yangu, maana binamu zangu wameshapiga simu kunicheka. Umeiona ile video ya shoo ya metali, ule muziki mzito wa roki: taa nyekundu, kijana anatikisa kichwa kama anataka kikatike, mwenzake ameshika maikrofoni kwa mikono miwili ananguruma, na mtoto wa dada yako yuko safu ya mbele na fulana nyeusi. Ukauliza kama nimeingia kwa mashetani, kama kazi bado ninayo, na kwa nini hao watu hawaimbi. Kazi ninayo. Hayo mengine yanataka nafasi, na kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza, nakujibu hapa hadharani. Jina lako silitaji.

Nianze na mashetani ili tuyamalize. Unakumbuka mwaka 1994 Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, mwenyekiti akawa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ikatoka 1999. Tume iliondoka, hofu ikabaki, na siku hizi gitaa likikwaruza kidogo tu mtu anataja kafara. Sikufichi: Norwei, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kuna wanamuziki wa aina hii waliochoma makanisa kweli na wakafungwa. Hiyo ni historia na hakuna shabiki wa kweli asiyeijua. Lakini hawa ninaosimama nao Nairobi ni watu wa kompyuta, wanafunzi wa chuo, mwalimu mmoja wa hesabu, dada mmoja muuguzi anayekuja moja kwa moja kutoka zamu. Wengine Jumapili wako kanisani, wengine hawaamini lolote, na mimi Ijumaa unajua nilipo. Kuhusu nguo nyeusi, Mombasa nzima wanawake wanavaa nyeusi kutoka utosini hadi kisiginoni na hakuna tume iliyoundwa. Tume ingekuja kwenye shoo zetu ingeandika ripoti juu ya mitambo mibovu.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe. Wewe ulifanya kazi ya mabati Industrial Area, kwa hiyo kisa hiki utakielewa kuliko mimi. Muziki huu ulianzia Birmingham, mji wa viwanda Uingereza. Kijana wa miaka 17, Tony Iommi, alikuwa kwenye kiwanda cha bati, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, yaani vidole vilivyokatika ndivyo vya kubonyeza nyuzi. Mtu mwingine angeuza gitaa. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki akatengeneza vikofia vya kuvisha vidole, akavifunika kwa ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza zisimuumize, na uzi ukilegea sauti inashuka. Ule uzito unaousikia kwenye video, unaosema unakutia kizunguzungu, sehemu yake kubwa imetoka kwenye ajali ya kazini. Mwaka 1970 bendi yake, Black Sabbath, ikatoa albamu ya kwanza. Walipiga shoo yao ya mwisho nyumbani Birmingham tarehe 5 Julai 2025, na mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki siku chache baadaye, tarehe 22. Wiki ile ndiyo niliyokuwa sipokei simu zako vizuri.

Utasema, hayo ya Wazungu. Haya, tuje kwetu, na hapa nataka unisikilize kwa makini kwa sababu jambo hili umelifanya mwenyewe.

Mama amenihadithia. Ulipokuwa Nairobi ulifuata bendi za Wanyika kila walipokwenda. Ulijua nani amenunua gitaa jipya na nani amegombana na nani. Ndugu wawili Kinyonga walitoka Tanga na muziki wao, wakapita Mombasa, wakafika Nairobi na Simba Wanyika. Mwaka 1978 wapigaji wakajitenga wakaunda Les Wanyika, kisha Issa Juma akatoka na Super Wanyika yake. Ukiulizwa leo utaeleza nani alitoka wapi kama mtu anayesoma ukoo wake mwenyewe. Basi mjomba, mimi nafanya hiyohiyo. Wapigaji wa metali Nairobi ni wachache, kwa hiyo bendi zinazaana. Kulikuwa na Lust of a Dying Breed, kulikuwa na Seeds of Datura. Kutoka humo wakachomoka wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, wakaunda Duma. Wakaenda Kampala, wakarekodi kwenye studio ya Nyege Nyege, lebo ya muziki ya huko, na mwaka 2020 albamu yao ikatoka. Ngoma za kompyuta zinakimbia kuliko mkono wa binadamu, gitaa kama msumeno, na juu yake sauti ile ya Kanja. Magazeti ya muziki ya Ulaya yakaandika. Humu nchini redio zilinyamaza.

Redio ni jambo la kusikitisha kidogo. Wengi wetu tulilelewa na X FM, 105.5, kituo kilichopiga roki mchana na usiku. Siku hizi hakipo. Ndiyo maana kumfahamisha shabiki mpya sasa ni kazi ya bango linalopita kwenye WhatsApp, na bango lenyewe limeandikwa kwa herufi za miiba hata jina la bendi huwezi kulisoma. Hapo nakubaliana nawe kabisa, ni upuuzi. Mtu anakutangazia shoo halafu anakuficha nani anapiga.

Ulipowafuata Wanyika, wao walikuwa na mkataba wa kupiga mahali, wiki hadi wiki. Sisi hatuna. Mwenye baa anatupa usiku ambao hauuzi, na hata huo anatupa kwa mashaka, kwa sababu dijei mmoja ni rahisi kuliko watu watano wenye amplifaya. Watu wakifika themanini tunasema shoo imejaa. Hesabu kiingilio cha shilingi mia tano, toa kukodi mitambo, toa usafiri wa dramu, toa wa mlangoni, halafu bendi nne zigawane kilichobaki. Mpigaji anarudi nyumbani na nauli na deni. Ndiyo maana shabiki hapa hawezi kuwa mtazamaji tu. Mimi nimebeba spika. Nimekaa mlangoni na muhuri wa wino. Nimesimama nyuma ya jukwaa nimeshika waya ambao ukiuachia besi inakufa. Fulana niliyovaa kwenye video imechapishwa na bendi yenyewe na pesa zake ndizo zilizolipa saa za studio. Tukipungua ishirini, muziki huu Nairobi unarudi chumbani kwa mtu na kompyuta.

Na fundi mitambo! Nakuomba umhurumie na sisi utuhurumie. Amezoea rege, injili na madijei. Gitaa la metali linapoanza na mkwaruzo wake, anadhani spika imepasuka. Analishusha. Mpigaji anaashiria juu, yeye anashusha zaidi. Anapandisha maikrofoni, kwa sababu kwake mwimbaji ndiye mwenye shughuli, na sasa unasikia mngurumo mtupu juu ya dramu kama vita vya simba jikoni. Nimeona shoo nzuri zikiharibika hivyo nikalia moyoni. Lakini nimeona pia fundi mmoja aliyekuja hajui, akaulizauliza katikati ya bendi ya kwanza na ya pili, akasogeza kitu kidogo, na ghafla gitaa mbili zikatengana, moja kushoto moja kulia, na besi ikakaa chini yao. Watu waligeuka kumtazama yeye. Hajui hadi leo kwa nini alipigiwa makofi.

Kuhusu kutoimba. Unasema wanabweka. Mjomba, ukijaribu kubweka vile dakika mbili utatema damu, na wao wanafanya saa nzima. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine miwili ambayo mtu akiimba kawaida haifanyi kazi. Hawa hujifunza kuitetemesha hiyo, na pumzi inasukumwa kutoka tumboni. Koo likikaza umekosea. Nakupa nusu ya hoja yako: maneno hayasikiki, na wewe ni mtu wa Wanyika, wimbo ni hadithi, mke, mume, jirani, deni. Kwetu maneno unayasoma nyumbani, kwenye shoo sauti inakuwa chombo kama vyombo vingine. Wapo wanaosikika pia. Parking Lot Grass wanatia Kiswahili na ukisikiliza utafuata. Last Year's Tragedy wanachanganya mngurumo na sauti safi, na kiitikio kinapofika ukumbi wote unaitikia. Na wapo, nisiseme uongo, wanaonguruma kwa sababu hawana la kusema. Kila muziki una watu wake wa hivyo.

Nirudi kwa Kanja, maana najua jina litakalokushika. Siku hizi anajiita Lord Spikeheart, na mwaka 2024 alitoa albamu yake peke yake, The Adept, kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ameitunukia bibi yake wa vizazi vya nyuma, Muthoni wa Kirima. Ndiyo, huyohuyo, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildi-masho katika Mau Mau. Rasta alizotoka nazo msituni hazikukatwa hadi 2022, Mama Ngina Kenyatta alipozinyoa mbele ya kamera, na mwaka uliofuata Muthoni akafariki. Sasa nisikilize. Wewe uliyetufundisha sisi watoto majina ya wapiganaji kwa mpangilio, ukisikia kilio cha yule kijana kabla ya kujua hayo ungesema shetani. Ukishajua, kisikilize tena. Mimi nilikisikia kwa namna nyingine kabisa: kuna hasira ambazo sauti nzuri haiwezi kuzibeba.

Wala si sisi tu Afrika. Botswana mashabiki wanavaa ngozi na kofia za kichunga ng'ombe, wanatembea kifua mbele mchana kweupe, na bendi yao ya Overthrust ilifika kwenye tamasha la Wacken Ujerumani mwaka 2016. Wivu ninao. Jua lao na ngozi zile, sijui wanawezaje.

Lile duara la kusukumana ulilolishangaa linaitwa piti. Linaonekana ugomvi, lakini lina adabu zake. Akianguka mtu, walio karibu wote wanainama kumwinua kabla hajafika chini. Miwani ikidondoka, aliyeiokota anaishika juu hadi mwenyewe aione. Anayetumia nafasi hiyo kumshika dada vibaya anatolewa, na nimeona akitolewa. Asiyetaka kuingia anasimama ukutani na hakuna atakayemgusa. Mimi mwenyewe siku hizi naingia wimbo mmoja tu, kisha natafuta soda ya tangawizi.

Basi njoo. Sisemi kwa mzaha. Mwisho wa mwezi ujao kuna shoo ya bendi tatu, na wa kwanza kupiga ni vijana wa miaka ishirini ambao sijawahi kuwasikia. Chukua treni ya asubuhi ufike Syokimau, kituo cha treni cha Nairobi, mchana, nitakuja kukupokea, tutakula kwanza kwa sababu saa moja iliyoandikwa kwenye bango ni saa tatu. Pamba za masikio ninazo za ziada. Utasimama karibu na fundi mitambo, hapo ndipo sauti inapokaa sawa, na kama gitaa limeshushwa wewe mwambie alipandishe, mtu mwenye mvi hatabishiwa. Tiketi ya treni nitakulipia. Mwisho wa mwezi zinaisha upesi, kwa hiyo niambie kabla ya Jumatano, na tafadhali nijibu kwa maandishi, siyo kwa sauti, ili mama asisikie kabla hatujajua tutamwambia unakuja Nairobi kufanya nini.