Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kakamega: tunaomba nafasi ya mtaalamu wa tiba ya burudani

Mheshimiwa Waziri,

Mulembe. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule moja ya sekondari humu kaunti, na ombi langu ni moja. Katika orodha ya watumishi wa idara yako, pawepo nafasi ya mtaalamu wa tiba ya burudani. Hata nafasi moja, katika hospitali yetu kuu hapa mjini, ingetosha kuanzia. Ninaandika hadharani kwa sababu wanafunzi na wazazi wanaoniuliza habari za kazi hii wanataka kujua jambo ambalo mimi siwezi kuwajibu: wakisoma, nani atawaajiri?

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kuisikia. Mtaalamu huyu hutumia michezo, muziki, ngoma, kazi za mikono, bustani na matembezi kumrudishia mgonjwa uwezo alioupoteza. Hayuko wodini kuwachangamsha wagonjwa ili siku ipite. Hufungua faili kama mhudumu mwingine yeyote wa afya: humpima mgonjwa, huandika lengo, huchagua shughuli inayogusa udhaifu ule, kisha hupima tena na kubadilisha mpango usipofaa.

Mchukue mzee aliyepatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia umelegea na hawezi kufuatilia mazungumzo marefu. Akiketishwa mbele ya ubao wa bao, kila kete anayookota inavifanyisha vidole kazi, kila shimo analohesabu linaifanyisha akili kazi, na kule kungoja zamu ya mwenzake kunamzoesha tena kukaa na watu. Mtaalamu anaandika amecheza kwa muda gani kabla ya kuchoka, na kete zimemwanguka mara ngapi. Wiki ifuatayo anaweza kumpa kete ndogo zaidi, au mpinzani anayecheza haraka zaidi. Kwa anayetazama kutoka mlangoni, huo ni mchezo wa wazee wawili tu, lakini kwenye faili kuna mpango.

Watu wa tibamaungo humwezesha mgonjwa kusimama na kutembea. Wapo wengine wanaomfundisha upya kuvaa, kula na kuoga. Hao tunao, ingawa ni wachache, na kazi yao naiheshimu sana. Pengo ninaloliona mimi linaanza mgonjwa anapofika nyumbani Shinyalu au Malava na kuanza kukaa chini ya mwembe kuanzia asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, bila sababu ya kuutumia ule mkono uliohangaikiwa hospitalini.

Nilimfundisha kijana mmoja ambaye baada ya shule aliingia kazi ya bodaboda, akapata ajali na kuumia uti wa mgongo. Alilazwa muda mrefu katika hospitali moja ya eneo hili la magharibi, na waliomhudumia waliokoa maisha yake. Siku ya kutoka alipewa kiti cha magurudumu, dawa na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akipenda nini kabla ya ajali. Alikuwa golikipa hodari, na sauti yake ilikuwa ikisikika katika kwaya nzima. Nilipomtembelea kwao alikuwa ameacha kutoka nje. Kanisa lina ngazi, na kubebwa na vijana wa rika lake kulimtia aibu. Uwanja alikuwa hataki hata kuuona. Mama yake aliniambia kwamba kinachomuumiza si miguu ya mwanawe, ni ukimya wake. Mtu wa kazi ninayoizungumzia angeanza papo hapo kwenye kwaya na mpira. Angeenda naye kanisani kuangalia mlango na ngazi, angezungumza na kiongozi wa kwaya, na angempandisha matatu mara ya kwanza akiwa naye kando ili safari ya pili aifanye mwenyewe.

Mambo haya hayakubuniwa jana. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alianzisha kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Wakati huo wengi wenye majeraha ya aina hiyo walikuwa wakifa mapema kwa maambukizi ya njia ya mkojo na vidonda vya kulala mahali pamoja. Guttmann alisimamia usafi na kugeuzwa kwa wagonjwa usiku na mchana, kisha akaingiza michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kurusha mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano hayo tukapata Paralimpiki ya kwanza, Roma, mwaka 1960. Wakenya tunashangilia Paralimpiki kila zinapofika, na ningependa tukumbuke kwamba zilizaliwa hospitalini.

Mheshimiwa, linalonisumbua zaidi ni pombe. Sote tunajua hali ya chang'aa katika vijiji vyetu. Kijana akipelekwa kituo cha kurekebisha tabia, mwili wake husafishwa, hupewa ushauri, huombewa, kisha hurudishwa kijijini. Jumamosi jioni inafika. Rafiki zake wote wako mahali pamoja, na hapo ndipo wanapokunywa. Ushauri aliopewa ulimwambia asiende huko, lakini haukumwonyesha aende wapi. Sehemu kubwa ya tiba ya burudani ni kumfundisha mtu kutumia muda wake huru: kukumbuka kilichokuwa kikimpa furaha kabla ya pombe, kujaribu mambo mapya akiwa bado kituoni, kujua yanapatikana wapi karibu na kwao, yanagharimu nini, na atayafanya na nani. Kwa mgonjwa wa sonona, ambaye hata kuamka kitandani ni mlima, shughuli ndogo iliyopangwa kwa saa maalumu huwa hatua ya kwanza ya kutoka. Mwaka 2020, jopokazi lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza matatizo ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa, na serikali za kaunti zikapewa jukumu la kutoa matibabu na huduma za kuwarudisha wagonjwa katika maisha ya kawaida. Jukumu hilo haliwezi kutimizwa kwa vidonge peke yake.

Sasa habari za masomo. Marekani, ambako taaluma hii imekomaa, mwanafunzi husomea shahada ya kwanza. Pamoja na mbinu za tiba yenyewe, hulazimika kusoma anatomia na fiziolojia, saikolojia ya magonjwa ya akili, na ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzeeni. Hufanya mafunzo ya kazini ya angalau saa 560 kwa wiki 14 mfululizo, chini ya mtaalamu aliyethibitishwa, kisha hukalia mtihani wa taifa ili apate cheti cha kazi hiyo. Baraza linalotoa cheti hicho, NCTRC, lilianzishwa mwaka 1981, na cheti huhuishwa kila baada ya miaka 5. Wanaofuzu hufanya kazi katika hospitali za kawaida na za akili, vituo vya waathiriwa wa dawa za kulevya, makao ya wazee, shule za watoto wenye ulemavu, vituo vya wanajeshi wastaafu, na idara za bustani na michezo za miji. Baadhi yao hufundisha vyuoni.

Hapa kwetu njia ipo ingawa haijanyooshwa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimekuwa kikifundisha usimamizi wa burudani na sayansi ya mazoezi. Mjini Kakamega tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na tawi la KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu. Kijana aliyesomea saikolojia, uuguzi, elimu maalumu au sayansi ya michezo ana msingi wa kujengea. Ninachokiogopa ni vyuo vya vichochoroni. Siku kazi hii itakapojulikana, watatokea wa kuuza vyeti vya wiki mbili, na mgonjwa ndiye atakayeumia. Kaunti ikiandika mapema sifa inazotaka, itakuwa imewafungia mlango hao.

Wakati ni huu. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi wengi wanauogopa. Baba mmoja aliniuliza, kwa upole lakini kwa uchungu, kama nataka binti yake aje kucheza ngoma barabarani. Binti huyo anajua ngoma, anapenda biolojia, na ana subira na wagonjwa ambayo sijaiona kwa watu wazima wengi. Nikimweleza baba kuhusu tiba ya burudani, anasikiliza hadi mwisho, kisha anauliza swali lilelile: kaunti inaajiri watu hao?

Na kaunti hii ingekuwa na vifaa gani vya kazi! Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mdundo thabiti ni msaada unaojulikana kwa mtu anayejifunza kutembea upya baada ya kiharusi, kwa sababu mguu huufuata. Tunazo ngoma zenyewe, tunao wapigaji, na wengi wao wanazeeka bila mapato ya uhakika. Tuna Bustani ya Muliro katikati ya mji, uwanja wa Bukhungu, na msitu wa Kakamega wenye njia za kutembea. Katiba yetu, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti huduma za afya, na katika sehemu hiyohiyo ikaikabidhi michezo, utamaduni, bustani na maeneo ya burudani. Hospitali na bustani zina mwenye nyumba mmoja. Wewe na mwenzako wa michezo na utamaduni mnaketi katika baraza moja la mawaziri, kwa hiyo gari la kuwapeleka wagonjwa Bukhungu asubuhi mbili kwa wiki ni jambo la makubaliano ya ndani.

Najua utaniambia wauguzi hawatoshi na dawa hukosekana, na ni kweli. Siombi muuguzi hata mmoja aondolewe. Naomba nafasi hiyo iandikwe, sifa zake na ngazi yake ya mshahara zijulikane, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti iitangaze. Kama mwenye sifa kamili hatapatikana mwaka huu, mtumishi mmoja aliyepo tayari wodini na mwenye moyo wa kazi hii adhaminiwe kwenda kusoma, kwa mkataba wa kurudi kutuhudumia. Mazungumzo na Masinde Muliro na KMTC kuhusu kozi yanaweza kuanza sambamba, maana chuo nacho husita kufundisha kazi isiyo na mwajiri.

Wanafunzi wa Gredi ya 10 wa 2026 watamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa 2028. Walimu wa ushauri nasaha wa shule kadhaa tuko tayari kufika ofisini kwako siku yoyote utakayotupangia, tukiwa na wazazi watakaopenda kuja. Baba wa binti niliyemtaja amesema atakuja.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Kakamega